Alivyosutwa Rama kwa Waya wa Akiba

"Usinieleze habari ya taa, Rama. Mimi nakuuliza habari ya mtu," nikamwambia.

"Na mimi nakujibu, Bi Mwanarusi. Huyo mtu aliingia chumba cha mizani na ndoo ya maji. Nilipofika nikakuta maji. Ulitaka niseme nimekuta nini, unga?"

Watu walicheka, na kicheko kile kikanizidishia hasira. Tulikuwa uani kwetu Magongo, jua linataka kuzama, wapangaji wote nje na majirani wa pande zote mbili wameegemea ukuta. Niliwaita mimi mwenyewe. Kwetu mtu akimzulia mwenzake jambo, humwiti chemba ukamnong'oneza. Unamsuta. Unamweka katikati ya watu na kumwambia, haya, lile ulilosema mgongoni lirudie hapa, mbele ya mwenyewe. Likisimama, yamekwisha. Lisiposimama, atajua mwenyewe uso wake atauweka wapi.

Mwenyewe alikuwa Kafedha, mama yake Baya, ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani. Kafedha alikuwa akisafisha ofisi katika yadi ya makontena ya Bwana Gershom, barabara ya Port Reitz. Rama, chumba cha mwisho karibu na bafu, alikuwa fundi wa kompyuta wa yadi hiyohiyo. Na mimi kibanda changu cha chai na mahamri kilikuwa palepale getini, kwa hivyo hakuna aliyeingia wala kutoka nisimjue, na wengine niliwajua hata zaidi ya walivyotaka. Sote watatu tulitegemea yadi moja, na jioni mara nyingi tulikula sinia moja. Ndiyo maana jambo lile lilinichoma.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa ni mwaka uliofuata mvua za El Nino, na yadi ilikuwa imetiwa kompyuta, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Ofisi kuu kulikuwa na sanduku la bati lenye matundu, wenyewe wakiliita swichi, na kila kompyuta ilichomekwa waya wake hapo. Ng'ambo ya yadi, kwenye chumba cha mizani malori yanapopimwa, kulikuwa na swichi ya pili. Swichi hizo mbili zilizungumza kwa nyaya mbili. Mmoja ulipita juu, paa hadi paa. Wa pili ulipita chini ya ardhi, ndani ya bomba. Wa juu ulikuwa wa kazi na wa chini wa akiba, ili huu ukifa ule ushike palepale, hata mtu asijue. Rama alikuwa akijisifu kwa hilo mpaka tukachoka. Yadi nyingine zina waya mmoja, sisi tuna mbili, utadhani ni wake zake.

Basi wiki ile, mizani ikawa bubu. Lori linapanda, linapimwa, lakini ofisini haifiki habari yoyote. Foleni ikatoka getini, ikapita kibanda changu, ikashika barabara kuu. Madereva wakaanza kutukana watu ambao hata hawawajui. Bwana Gershom akatoka amefungua vifungo vya shati, akimtaka aliyeharibu. Rama akaenda akatazama, akarudi akasema maneno yake machache: chumba cha mizani kina maji sakafuni, na mwenye ufunguo ni Kafedha.

Basi. Hakuongeza wala hakupunguza. Bwana Gershom akamwita Kafedha mbele ya madereva, mbele ya makuli, mbele yangu na kikaango changu, akamwambia ameunguza mitambo kwa maji yake, aende nyumbani. Swichi mpya imeagizwa Nairobi. Itakapofika na kufungwa, na mizani ikasema, itakuwa imethibitika kosa ni lake, na asionekane tena getini pale. Kafedha akajifunga leso yake akaenda. Na si kazi tu iliyokuwa ikipotea. Nani tena huku kwetu Changamwe angempa ofisi asafishe, akishasikia kuwa huyu ndiye yule wa maji?

"Haya," nikamwambia Rama pale uani. "Swichi ya mizani imekufa?"

"Haijafa. Taa yake ya umeme inawaka."

"Inawaka. Sasa maji yameunguza nini?"

"Huenda yameingia kwenye matundu."

"Huenda," akasema Kafedha. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. "Rama, mwanangu, lile sanduku liko juu ya kabati. Mimi mwenyewe silifikii bila kupanda kiti. Mimi hupiga deki chini. Maji yangu yanapanda?"

"Mama Baya, pengine ulipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi."

"Pengine. Yaani kule nimefukuzwa kwa huenda, na hapa nafukuzwa kwa pengine."

Safari hii waliocheka walimcheka Rama, na nilimwona akikwaruza ukuta kwa kucha. Hakuwa mtu mbaya. Watu wengi wanadhani uovu unatoka kwa watu wabaya, mimi nimeuza chai muda mrefu nimeona mwingi unatoka kwa watu waliokuwa na haraka.

"Nisikilizeni," akasema, sasa anawageukia watu wote. "Kila waya ukichomekwa kwenye tundu, tundu lile lina kitaa chake. Ofisini kitaa cha waya wa juu kimezima. Sawa, huo umekufa. Lakini kitaa cha waya wa chini kinawaka kijani, tena kinapepesa. Maana yake waya wa chini ni mzima. Nikaenda mizani, nikakuta huko vimezima vyote viwili. Waya mzima huku, giza kule. Mungekuwa nyinyi mungesema ubovu uko wapi?"

"Kule," akadakia jirani mmoja mpumbavu, na nikamtazama mpaka akaingia ndani.

"Huo waya wa chini umeufuata?" nikamuuliza Rama.

"Uko ndani ya bomba, Bi Mwanarusi. Niingie bombani?"

"Sikuulizi bomba. Pale ofisini, kutoka kwenye tundu hadi unapoingia bombani, umeushika ukaufuata kwa mkono?"

Akajikuna kisogo. Hapo nikaona ndipo pa kumwaga yote niliyokuwa nayo. Sikujua lolote la swichi, na mpaka leo sijui. Nilikuwa na hasira tu, na mtu mwenye hasira husema yote anayoyajua, yanayohusu na yasiyohusu.

"Mwenzenu Kafedha anafukuzwa kwa ndoo," nikasema, "na yuko mtu mle ndani kazi yake haijulikani mpaka leo. Masha, mpwa wa Bwana Gershom. Amekuja juzi juzi, kapewa chumba, kapewa kiyoyozi, na Idd iliyopita nimeiona kompyuta yake kwa macho yangu ikipita kibandani kwangu imefunikwa shuka kama maiti. Tsofa askari wa geti ananiambia kutwa anacheza karata humo ndani ya kioo cha kompyuta, anacheza peke yake na bado anashindwa. Huyo hamuulizi mtu. Yeye hana ndoo."

Wanawake wakaguna. Habari ya karata ilikuwa mpya kwa wengi, na nadhani ingetuchukua hadi isha kama Rama hangeinua mkono.

"Kompyuta ya Masha," akasema. "Iliingia Idd?"

"Siku ya pili ya Idd. Nilikuwa nimevaa leso yangu mpya."

"Mimi nilikuwa kwetu Likoni. Niliporudi nikaikuta inafanya kazi."

"Hukumuuliza nani kaitia waya?"

"Mpwa wa mkubwa, nimuulize nini?" Kisha sauti yake ikashuka, akawa anahesabu nyaya kwa vidole vyake. "Wa mhasibu. Wa karani wa forodha. Wa Bwana Gershom..." Akafika mwisho wa vidole akaanza tena. "Lakini matundu ya swichi yalikuwa yamejaa tangu kabla ya Idd. Hakukuwa na tundu hata moja la ziada."

Tukamngoja. Alisema tu, "Kesho ukileta chai, pitia ofisini," akaingia chumbani kwake.

"Na usinyooshe mkono kwenye sinia," nikampigia kelele mlangoni. "Mpaka lijulikane."

Jumamosi yadi hufanya kazi mpaka adhuhuri. Niliingia na chupa ya chai na mahamri ndani ya kikapu, kama siku zote, na Tsofa akanipisha. Foleni ya malori ilikuwa ileile. Makarani walikuwa wakikimbia na vikaratasi kutoka mizani hadi ofisini, jasho likiwatoka, na kompyuta zimekaa zinawatazama.

Rama alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la swichi. "Bi Mwanarusi, tafadhali, simama mlangoni pa Masha na hiyo chupa."

Nikasimama. Masha hakuinua hata uso. Alikuwa ameinamia kioo, mkono mmoja kwenye kile kipanya chao, na baridi ya chumba chake ilinitia mafua papo hapo.

Rama akachomoa waya, ule wenye kitaa cha kijani, ule alioapa ni mzima.

"Nani amekata?" Masha akasema. "Nani amekata, nilikuwa nimebakisha kidogo nimalize."

"Umebakisha nini, mwanangu?" nikamuuliza. "Mzungu wa nne wa karata zako?"

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Rama hakucheka. Aliushika ule waya kwa vidole viwili akaufuata, polepole, kama mtu anayetafuta fundo kwenye nywele. Haukuenda bombani. Ulipita nyuma ya kabati, ukapanda ukuta, ukapenya kwenye tundu lililochimbwa chini ya kiyoyozi, ukaingia kwa Masha. Kisha Rama akalisogeza kabati. Nyuma yake, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya manila, vumbi limeganda juu, ilikuwa ncha ya waya wa chini. Waya wa akiba. Ulikuwa umelala pale tangu Idd, haujachomekwa popote. Aliyeleta kompyuta ya Masha alitaka tundu, akaona huu hautumiki, akaiazima nafasi yake.

Nani kwetu hajui mambo ya akiba? Nina jiko la pili la mafuta ya taa, nimeliweka kwa siku ya dhiki, na sijalitumia hata siku moja maana daima liko kwa mtu. Kitu kikikaa bure, watu hukionea huruma. Tofauti ni kwamba anayechukua jiko langu huniambia.

"Kile kitaa cha kijani," Rama akasema, bado yuko chini, "kilikuwa cha karata. Mchezo wenyewe umo kwenye kompyuta ya mhasibu, yeye huuvuta kwa waya huu."

Akachomoa waya wa Masha kabisa, akapangusa ncha ya ule wa akiba kwa shati lake, akauchomeka. Kitaa kikawaka. Tukangoja kidogo. Kisha ng'ambo ya yadi tukasikia Tsofa akipiga mbinja, na karani mmoja akakaa chini kwenye sakafu palepale na vikaratasi vyake mkononi, amechoka. Lori la kwanza likashuka mizani.

Bwana Gershom alikuja mbio, na nilidhani anakuja kumshukuru mtu.

"Nani kakwambia uchomoe waya wa Masha?"

"Bwana, hili ni tundu la waya wa akiba. Masha alikuwa amekalia mahali pa watu."

"Masha tundu nilimpa mimi." Akakohoa, akaona makarani wanatazama. "Haya, wa chini ni bahati mbaya. Na wa juu? Wa juu ulikufa siku ileile yule mama alipopiga deki. Hayo ni maji."

Wallahi. Mtu anaonyeshwa mlango ulipo na bado anataka kupita dirishani, mradi tu aliyekosa awe mwenye ndoo. Nilitaka kusema, lakini Rama alikuwa ameshatoka na ngazi.

Alipanda paa la mizani huku watu wamejaa chini, madereva pia, maana dereva akiona ngazi hushuka kutazama. Kunguru walimwona kabla hajafika juu. Nyinyi mnawajua kunguru wa Mombasa, walitujia kwa meli na hawana adabu. Wakamshukia kichwani mmoja baada ya mwingine, naye mkono mmoja anashika bati na mwingine anajikinga, na dereva mmoja wa Busia anawashangilia kunguru.

Juu ya mlingoti wa taa, karibu kabisa na pale waya ulipopita, kulikuwa na kiota. Rama alikitoa chote kama kilivyo akashuka nacho. Hakikuwa cha vijiti. Kilikuwa cha waya mwembamba wa kufungia, vipande vipande, vimesukwa vizuri kuliko kikapu cha sokoni.

"Hivi vilikuwa vyangu," akasema, akikiweka chini miguuni pa Bwana Gershom. "Waya wa juu niliufunga kwa vipande hivi ili usining'inie. Wamefungua kimoja kimoja wakajijengea. Waya ukalegea, ukalalia ncha ya bati, upepo ukawa unaupeleka na kuurudisha mpaka ukakatika. Nilipaswa kufunga kwa plastiki. Hilo ni langu. La tundu si langu. Na Mama Baya hana lake hata moja. Mimi ndiye niliyekwambia ni maji, bwana. Nilikwambia kabla sijatazama."

Alisema kwa sauti, madereva wote wanasikia. Kijasho kilikuwa kinamtoka na kunguru amemchana sikio. Nikajua kwamba jana uani nilimsuta mimi, lakini leo alikuwa anajisuta mwenyewe, na hilo ni zito zaidi.

Bwana Gershom alikigeuza kiota kwa ncha ya kiatu. "Basi mwambieni arudi Jumatatu," akasema. "Lakini maji apunguze."

Maji apunguze. Niliweka kikapu chini.

"Bwana Gershom," nikasema, "ulipomtia aibu Kafedha hukumtia chumbani mwako. Ulimtia hapa, kwenye hili vumbi, na hawa wote wakisikia. Sasa umwambie kuwa si yeye, hapahapa, Jumatatu, kabla ya lori la kwanza. Na mimi nitakuwapo."

"Mama, wewe unauza chai."

"Nauza. Na yako kuanzia leo utaifuata dirishani kwangu, nyuma ya makuli."

Madereva wakapiga makofi. Yeye alimgeukia Rama, akamnyooshea kidole, na akasema polepole, "Wewe, wewe tutazungumza Jumatatu." Kisha akaingia ndani, kwa Masha, na mlango ukafungwa kulinda baridi.

Tulirudi Magongo kwa miguu, Rama na mimi. Nilimwuliza kama watamfukuza, akasema hajui. Alisema Masha ameanza kudai tundu lake. Nilitaka kumwambia alivyofanya ni vizuri, lakini bado nilikuwa na kinyongo na maneno yale ya unga, nikayaacha.

Habari zilikuwa zimetutangulia. Kwetu habari hazipandi ngazi wala hazingoji kuchomekwa. Majirani walikuwa wameshajaa, wengine na watoto mgongoni, na Kafedha alikuwa amekwisha kupiga deki ukumbi mzima kutoka mlango wa mbele mpaka uani, maji ya ndoo baada ya ndoo, sakafu inang'aa kama kioo. Nikajua amefanya makusudi.

Rama hakuingia. Alisimama kizingitini, viatu mkononi.

"Mama Baya," akasema. "Nilisema ni maji yako. Hayakuwa maji yako. Waya mmoja waliuazima, mmoja waliulegeza kunguru, na mimi sikutazama, nikakutaja kwa kuwa ulikuwa rahisi kutajwa. Nimesema kule mbele ya Bwana Gershom, na nasema hapa."

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema urudi Jumatatu."

"Na?"

Rama akaniangalia. Nami nikatazama dari.

"Na maji upunguze," akasema.

Kafedha aliuegemeza ufagio ukutani. Aliinama akalisukumia uani tone la mwisho kwa mguu, bila haraka, kama kwamba sakafu ile ndiyo pekee ya kuangaliwa Changamwe. Mle chumbani mwake sima ilikuwa imekwisha kugeuzwa, nasikia harufu ya mboga za mtsunga na samaki ng'onda wa kukaangwa, na tumbo la Rama likanguruma sote tukalisikia.

"Na wewe?" akamuuliza. "Jumatatu wewe watakufanyaje?"

"Hilo halijulikani, Mama Baya."

Akamtazama lile sikio lililochanwa. Kisha akasogea mlangoni pake akashika pazia.

"Mwanarusi, lete sinia lako kubwa. Rama, ingia ule. Ukanyage taratibu, pana maji."